Si Mbuga, Ni Kwa Mbuke

Maganga mjukuu wangu, mume wangu usiye na haya,

Masika mbili zimepita hujakanyaga hapa. Hiyo Geita ni ahera, kwamba mtu akifika harudi? Mbuzi wamezaa, goti linaniuma, shikamoo yako sijaisikia. Jirani Juliana anayeniandikia amekataa kuandika matusi, kwa hiyo mshukuru.

Juzi walikuja wapima ardhi wa mgodi. Wanasema kitongoji chetu ni Mwambuga, yaani mbuga tupu isiyo na mwenyewe, kwa hiyo watachimba. Nikauliza, "Nani kawaambia?" Wakacheka. "Bibi, si mjukuu wako? Tuko naye kazini."

Wewe! Uliona aibu kutamka Ng'wambuke mbele ya wenzako, ukawalainishia jina mpaka likawa mbuga! Ng'wa Mbuke ni kwa Mbuke, mama yangu, aliyefyeka pori hili nikiwa mgongoni kwake. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba yangu. Nimewafukuza kwa mwiko wa ugali, lakini watarudi.

Wawahi. Njoo na wakubwa zako, simama pale kaburini, utamke Ng'wambuke mpaka nao waweze. Ukimaliza, ingia ndani ule.

Bibi yako anayekupenda kwa hasira,
Kabula