Sapatu Zilizobaki Koboko

Mjukuu wangu Swale,

Asalaam aleikum. Bibi yako ni mzima, na mihogo tumeshavuna. Unaniuliza kama ununue lile gari kubwa la Kiingereza, la mtumba. Mimi nilikuwa na gari kama hilo, enzi za biashara yangu ya chumvi kule mpakani Oraba. Viti vya ngozi, likipita watu wanageuka.

Siku moja nilimpeleka mama yangu harusini Arua. Alivua sapatu mlangoni mwa gari, kama anavyofanya msikitini, akapanda peku. Tulipofika akazitafuta, hazipo.

"Gari yako iko safi sana, mwanangu," alisema akicheka, akaingia harusini peku.

Ukitaka, nunua. Ila hili sijamwambia mtu: nilimwona akiziacha barabarani. Nikawasha gari, nikifurahi kwamba zulia lake halitachafuka.

Babu yako, Koboko