Windo Mpya kwenye Mashine ya Rajabu

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Barua hii ipokee kwa mikono miwili, maana imetoka Tabora kwa basi na imekula vumbi kuliko abiria. Miguu inaendeleaje? Na mvua huko Korogwe imewakumbuka, au mmepanda mahindi kwenye majivu? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na mji huu hakuna asiyenijua. Ukishuka stendi ukasema "Shabani wa steshenari," hata mbuzi watakuonyesha njia.

Juzi kwenye simu uliniambia umesikia kompyuta za zamani sasa zinatupwa, ukaniuliza, "Ya mume wangu nayo umeitupa?" Kisha simu ikakata. Nikaona swali lile, dada, si la kujibiwa kwa simu. Soma hadi mwisho, usimwachie Zuhura akusomee kwa kurukaruka.

Unakumbuka mashine ile ilivyokuwa pale dukani Old Korogwe? Feni yake iliunguruma mpaka ng'ombe wa Wamasai wakipita barabarani walisimama, wakidhani ni korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge. Na shemeji Rajabu nyuma yake, kofia imelala upande, anachapa kadi za harusi za watu wa Makuyuni. Vidole viwili tu, lakini kwa kasi ambayo ukiweka chungwa juu ya vitufe linamenyeka lenyewe. Wewe unaingia na bada na mlenda, anakwambia, "Weka hapo, mama Zuhura, nimmalize bwana harusi kwanza." Bada inapoa, bwana harusi haishi. Huku nako wanasonga ugali wa muhogo, lakini si bada ile. Kila nikiifungua rimu mpya ya karatasi nasikia harufu ya duka lile, na njaa inanishika hata kama nimetoka kula.

Sasa mwaka huu mashine uliyonikabidhi ikaanza kukataliwa. Haijaharibika, la. Ila windo iliyomo, ile programu inayoiendesha kompyuta, ni ya zamani, basi wanafunzi wakija niwajazie maombi ya vyuo, ukurasa haufunguki. Wanavuka barabara kwenda duka la jirani, wengine wananiaga kabisa. Nikampelekea fundi mmoja. Akajaribu kupiga windo mpya, ikaandika kwamba kompyuta hii haina sifa. Akaniambia, "Mzee, hiki ni chuma chakavu. Tafuta nyingine." Nilimtazama mpaka viatu vyake vikatoka jasho.

Nikaitia begani hadi kwa Kabula, fundi wa kike, Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu sisi Wazigua tangu babu zao walipokuwa wakipita kwetu na misafara. Akaiwasha, akaisikiliza ile feni, akaizima. Kisha akavua kanga begani akaifunika.

"Mzigua amefiwa," akawatangazia wateja wake. "Na maiti ni yangu kuzika. Haitoki hapa mpaka ailie."

"Kabula, ondoa kanga, nina kazi."

"Lia kwanza. Au Wazigua mnalilia bada tu?"

"Mzigua akilia, Tabora mtapata mto wa kwenu."

"Haya, tuuone huo mto."

Dada, mtani akishashika maiti utamkatalia nini? Watu wanacheka, nami nikaona niwaonyeshe kazi. Nikashika kichwa, nikapiga yowe la kufika Urambo. "Ewe shemeji yangu, umetuachia nani?" Nilikusudia kuililia kompyuta. Hilo neno shemeji likatoka lenyewe, na likishatoka sikuweza tena kucheka.

Unajua nilivyofika kwenye msiba. Basi lilikufa njiani, nikakuta mmeshazika. Nikakaa uani na wanaume nikiwapigia hadithi, wakacheka mpaka matanga yakaanuliwa. Wewe uliniangalia tu. Basi ujue kilio chako nilikilia kwa Kabula, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kuchaji simu.

Kabula akaiondoa kanga taratibu.

"Mtani, ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia.

"Pole. Ungesema, nisingeifunika."

"Usingeifunika, nisingelia."

Akafanya kazi bila utani tena. Diski ya zamani aliitoa kama ilivyo, hakufuta kitu, akaweka nyingine. Akatengeneza flashi ya kupigia windo mpya, kwa namna ambayo windo haiulizi umri wa mashine. Ushauri mwingi nilimpa mimi. Alinionya tu kwamba wenye windo hawaitambui mashine ya namna hii, huenda siku moja ikagoma, kwa hiyo kazi nihifadhi na pembeni. Lakini ikawaka. Picha yako na shemeji mkiwa darajani aliihamisha, ndiyo inayojitokeza kwanza. Diski ya Rajabu, na kazi zake zote ndani, ni hiyo iliyofungwa kwenye kitambaa pamoja na barua hii. Ni yako. Na barua yenyewe nimeichapa kwa mashine yake, sasa hivi, feni inaunguruma.

Mwisho windo ikauliza jina la mwenye mashine. "Niandike nani, Mzigua? Shabani Mkuu?" Unanijua, jina langu liko kwenye kibao, kwenye kiti, hata kwenye ndoo ya maji. Nikamwambia, "Andika Rajabu."

Mfikishie shikamoo yangu mama mkwe wako kule Makuyuni. Mpwa wangu Zuhura mwambie mjomba anauliza mchumba yuko wapi. Na yule mzee muuza kahawa jirani na duka, mwambie kahawa ya Tabora inamsalimu kwa aibu.

Ni mimi mdogo wako, Shabani. Ukipiga simu dukani ukasikia mtu ananiita mzee Rajabu, usishtuke. Wateja wapya wanasoma jina kwenye kioo cha mashine. Nami naitika.