Mume Mwenza Ni Mashua

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bandarini

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichokabidhi, shuleni naitwa Mwalimu Nukta
Umri: miaka 27
Kazi: mwalimu wa hesabu, shule ya sekondari
Makazi: kisiwa cha ng'ambo, ghorofa ya pili, juu ya chumba cha ushonaji cha mume wangu

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu ingawa sijalala tangu jana alfajiri. Nimeelezwa kwamba polisi wanamtafuta mwanaume aitwaye Mume Mwenza, anayedaiwa kumvunja mume wangu mkono baharini. Mwanaume huyo hayupo. Mume Mwenza ni mashua.

Ni mashua ya tanga, urefu wake mita nane, na ilikuwa ya marehemu baba. Mume wangu, fundi cherehani, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka jana, baada ya kuona Jumamosi zangu zote zinaishia huko. Alisema, "Wenzangu wanaogopa wanaume wa mtaani. Wangu mimi amefungwa gatini, na ana umbo kunishinda." Akaliandika jina mwenyewe kwa rangi nyeupe.

Kaka yangu mkubwa alitaka kuiuza. Nilikataa. Tarehe 2 mwezi huu tuliandikiana mbele ya mama: nikiivusha hadi kisiwa hiki, maili sitini na mbili, mimi nikiwa nahodha, bila kuvutwa na chombo kingine, itakuwa yangu. Nikishindwa, inauzwa. Kaka alisema, "Mdogo wangu, bahari si ubao wa darasani." Nikatia sahihi. Mimi huchelewa kujibu.

Mnamo tarehe 9, saa 11:40 alfajiri, tuling'oa nanga, mimi na mume wangu, watu wawili tu. Upepo ulitoka ubavuni na ulikuwa mzuri hadi mchana. Saa 8:20 uligeuka ukatujia usoni, ikabidi twende bisho, yaani kukata upande huu na upande huu kama mshono wa zigizaga, na kila ukikata, tanga linahama upande. Tulikubaliana tangu nyumbani kwamba kabla ya kugeuza nitasema "Nageuza," naye atainama. Mara ile nilisema "Napinda." Sijui neno hilo lilitoka wapi. Kwa fundi cherehani, kupinda ni kukunja ukingo wa nguo ushonwe. Alisimama, akashika ukingo wa tanga, akaanza kutafuta pindo lililofumuka. Boriti inayoshika tanga kwa chini ikampiga kifundo cha mkono wa kulia. Niliusikia mfupa. Kosa lilikuwa langu, na ninaomba liandikwe hivyo.

Nilisema, "Fundi, nisamehe."

Akasema, "Pindo ni zima." Kisha akakaa chini.

Nilimfunga mkono kwa rula yangu ya ubaoni na utepe wake wa kupimia nguo. Saa 8:45 nilipiga redio ofisi ya bandari ya hapa. Nilisema, "Bandari, hapa Mume Mwenza. Mume ameumia mkono." Karani akauliza, "Huyo mume mwenza bado yupo hapo?" Nilidhani anaulizia usalama wa chombo. Nikajibu, "Yupo, hana neno. Ninamwongoza mimi." Akauliza, "Ana fujo?" Nikasema, "Alileta kidogo upepo ulipogeuka. Sasa ametulia." Nakiri kwamba sisi wawili tumezoea kuisema mashua hiyo kama mtu.

Karani aliuliza kama walete boti ituvute. Mkono wa mume wangu ulikuwa umeshavimba. Nilimwambia, "Sema wewe. Ukitaka ije, inakuja."

Akasema, "Nimevunjika mkono, sikuvunjika moyo. Kamata usukani, mwalimu."

Nikamwambia karani, "Asante. Tutafika wenyewe."

Kuanzia hapo nilishika usukani kwa saa kumi na tisa na nusu. Niligeuza mara thelathini na moja, na kila mara nilisema "Nageuza." Mume wangu alisoma dira, akaandika hesabu zangu kwenye daftari la safari kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana saba zake zinafanana na moja. Kulipopambazuka, mnara wa taa ulikuwa pale pale nilipouweka kwa penseli kwenye ramani. Nimefundisha pembe miaka minne. Sikuwahi kuona pembe ikinijibu.

Tarehe 10, saa 4:15 asubuhi, tuliingia gatini tanga likiwa juu. Askari wanne walikuwa wanatusubiri. Mmoja alisema, "Mikono juu." Mume wangu akainua mmoja.

"Yote miwili."

"Huu mwingine umegoma, afande."

Kaka alikuwepo, amekuja kwa meli ya abiria. Aliwaambia askari, "Lazima kuna mtu wa tatu. Huyu hawezi kuivusha." Askari wakauliza huyo wa tatu ameruka wapi. Nikawaonyesha jina ubavuni mwa mashua, kisha nikampa kaka daftari. Alilisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mwisho alisema, "Baba naye alikuwa anageuza mapema hivi, akikaribia mwamba." Nilitazama pembeni, kwa sababu ya jua.

Mume wangu sasa yuko hospitali, anafungwa plasta.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasema na niliyoyaendesha. Nimeyasoma mwenyewe na kusahihisha neno moja, mahali nilipoandikwa "abiria."

Sahihi: (imewekwa)
Nahodha, Mume Mwenza

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika hayo hapo juu leo tarehe 10, saa 8:30 mchana. Neno "abiria" limekatwa, limeandikwa "nahodha," sahihi ya shahidi na yangu ziko kando. Daftari limepokewa kama kielelezo. Kaka wa shahidi ametia sahihi kwamba hana dai. Nimekwenda gatini kumhoji Mume Mwenza. Nimemkuta amefungwa kwa kamba mbili, hana jeraha, na hakujibu swali hata moja. Mtuhumiwa ameachiwa huru na kukabidhiwa kwa mwenyewe.