Glavu za Karani

Mpendwa Mama Nabiswa, naomba uniokoe kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili baada ya kanisa mashemeji zangu wanakuja kwangu Makadara kuniweka kikaoni na mimi sina la kusema, yaani ninalo, lakini nikilisema nimekwisha na nisiposema pia nimekwisha.

Mimi ni karani, au tuseme nilikuwa karani, nilikaa stoo ya kiwanda kimoja cha nguo Baba Dogo miaka saba, kalamu mbili mfukoni, hata mahari niliipeleka nikiitwa karani na mama mkwe mpaka leo nikibisha hodi anasema, "Karani amefika, mleteeni kiti," lakini mwaka juzi mitumba ilijaa mjini mpaka kiwanda kikatupunguza, na siku hiyo nilipofika nyumbani nikakuta mke wangu Triza amepika kuku, bila sababu yoyote, amepika tu, basi ikanishinda, nikamwambia nimehamishiwa ofisi ya mjini. Tangu siku hiyo natoka kila asubuhi na tai na mkoba, na ndani ya mkoba mna ovaroli, kwa sababu kazi niliyopata ni ya usaisi, natunza farasi wa mama mmoja mzungu huko Karen, kuzoa mavi, kubeba maji, kufungua marobota ya nyasi, kuwapiga brashi, kuwatoa na kuwarudisha, na nikuambie ukweli Mama, farasi nawapenda kuliko nilivyoipenda stoo, lakini hilo nitamwambia nani?

Shida ni mikono. Uma wa kuzolea unatoa malengelenge, kamba za marobota zinakata vidole, na Triza ni mtu wa kunishika mkono tukitoka kanisani, siku moja akaugeuza akauangalia akaniuliza hii ni nini, nikamwambia ni stepla, akasema stepla ya kampuni gani hiyo, nikaona lazima nitafute glavu ili mikono ibaki ya karani. Nilianza na za sufu kutoka Gikomba, nyasi zikanasa kila mahali na nikibeba ndoo zinalowa, na baridi ya Karen ya mwezi wa saba asubuhi ukiwa na sufu iliyolowa sikuombei. Nikapata za golikipa, vidole vimefura, nikashindwa kufungua mkanda wa kichwani wa farasi, na Mativo, ambaye ndiye saisi mkubwa pale, akanipigia kelele mbele ya mwenye farasi, "Wewe, leo tunacheza na nani? Vua hizo kabla hujafungwa goli!" Za fundi wa kuchomelea vyuma zilikuwa ngumu mpaka nikizivua zinabaki zimesimama zenyewe. Mwisho nikajaribu zile nyembamba za hospitali, hizo zilinifaa kwa mikanda, lakini kuna farasi jike mmoja mwekundu, mkaidi, akiona ndoo ya chakula havutwi, anavuta yeye, na siku ya tatu alivuta kamba glavu ikapasuka na kiganja kikachunika.

Sasa sikia balaa. Sisi pale zizini hizo za hospitali tunaziita mpira. Jumamosi nikapita Majengo kwa Dirie, anayeuza ndara na ndoo na mabomba ya maji, nikasahau niko wapi, nikasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na farasi:

"Dirie, nipe mpira mnene. Ule wa juzi umepasuka jike likivuta."

Dirie akatazama huku na huku. "Wewe, mpira ya hiyo kazi hapa hakuna. Enda chemist."

"Ya chemist ni nyembamba. Mimi nataka ya kutumia kila siku, naosha, naanika."

Nyuma yangu nikasikia ndoo imeanguka. Kugeuka, ni Shitanda, kaka yake Triza, mzee wa kanisa, mdomo wazi.

"Unaanika?" akasema. "Shemeji, unaanika wapi?"

Mama, nilikimbia. Kufika jioni ukoo mzima ulikuwa umeshajua kwamba nina mwanamke, na wanasema ni mwanamke mwenye nguvu. Triza hajanitukana na hilo ndilo linalonitisha, ananiwekea chakula, anatazama mikono yangu, kisha anatoka kwenda kuanua nguo hata kama kambani hakuna nguo. Nikisema nilitaka glavu wataniuliza karani anataka glavu za nini, nikinyamaza mimi ni mzinzi, na kumpoteza Triza naogopa kuliko kitu chochote. Niambie basi ni glavu gani zitalinda mikono yangu bila kunivua ukarani, na Jumapili niseme nini? Ni mimi, Karani wa Makadara.

MAMA NABISWA ANAJIBU

Karani, nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikarudi pale kwenye kuku, nikaacha kucheka. Pole. Mtu aliyepunguzwa kazi akakuta amepikiwa kuku, hata mimi ningedanganya, lakini ningedanganya siku moja. Wewe umedanganya miaka miwili, na tai juu!

Tuanze na glavu, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi. Marehemu baba yangu alikuwa saisi kwenye shamba moja la Trans Nzoia, kwa hivyo hapa hukukosea mlango. Kazi ya kila siku ya zizi inataka ngozi, ngozi laini ya mbuzi, nyembamba, isiyopita ncha za vidole vyako. Hiyo ndiyo ya uma, nyasi na kamba. Ukienda Gikomba usinunue kwa macho. Zivae, kunja ngumi, kisha ufungue mkanda wako wa suruali na kuufunga tena ukiwa nazo, pale pale mbele ya akina mama wauzaji. Watacheka, waache wacheke. Ukishindwa na mkanda wako mwenyewe, wa farasi utauweza wapi?

Ule mpira wako mnene ni wa kuoshea ndoo na kupaka dawa, si wa kamba, unateleza ukilowa. Na ndiyo, unaoshwa na kuanikwa, ukiugeuza ndani nje. Hapo ulikuwa sahihi, ni mahali tu ulipokosea. Za sufu wape watoto. Za golikipa peleka uwanjani. Kamba usijizungushie mkononi kamwe, hata uwe umevaa nini, maana yule jike mwekundu ataondoka na vidole vyako. Na ukimpapasa farasi miguu kuangalia kama ina joto au imevimba, vua kila kitu, papasa na mkono mtupu. Baba hakuwahi kukosea hilo.

Sasa wewe. Unataka glavu za kuficha kazi halali! Umezoa mavi miaka miwili ili nyumba ile ile iliyokupikia kuku isilale njaa, halafu unaona aibu? Aibu ni ile stepla.

Na kuna jambo lingine, ambalo limeninyima raha tangu nifungue bahasha yako. Wiki tatu zilizopita nilipata barua ya mwanamke wa Makadara. Aliniomba nisiichapishe, na leo navunja nusu ya ahadi hiyo, anisamehe. Aliandika: "Mume wangu ni karani anayerudi na manyoya mekundu kwenye soksi. Huwa nayatoa moja moja kabla ya kuanika, ili majirani wa ploti wasiniulize ni ofisi gani ina farasi. Kwenye mkoba wake kuna ovaroli, nimeshaishona viraka viwili na hajaona. Nimemnunulia glavu za ngozi, nimezificha ndani ya sufuria kubwa ya sherehe, na sijui nitampaje bila kumvunjia heshima."

Nilimjibu kwa posta kwamba asubiri mpaka mwenyewe aseme. Ulikuwa ushauri mbovu, na nakuomba radhi kwa hizi wiki tatu. Sikujua kwamba namwambia amsubiri mtu anayeweza kushutumiwa uzinzi na bado asiseme.

Umeelewa sasa? Triza, na hilo si jina lake, nimeyabadilisha yote, hajanuna kwa sababu ya mpira. Jike anamjua, anatoa manyoya yake kwenye soksi zako kila jioni. Amenuna kwa sababu afadhali uitwe mzinzi na ndugu zake kuliko umwambie yeye ukweli.

Leo ni Alhamisi. Usingoje Jumapili. Toka kazini na ovaroli mwilini, tai iwe ndani ya mkoba, pita mbele ya ploti nzima kukiwa bado mchana, na mwambie mkeo mwenyewe, kwa mdomo wako, hata kama amemaliza kusoma ukurasa huu. Jumapili Shitanda akikuuliza unaanika wapi, mtoe nje umwonyeshe kamba. Mama mkwe akikuita karani, mwambie ni saisi, na ukae kwenye kiti kile kile.

Halafu shusha ile sufuria. Nilikwambia ujaribu glavu kwa mkanda kabla ya kuzichukua, lakini hizo usijaribu, zivae tu mbele yake. Zikikubana kidogo usiseme kitu, zitalegea.