Jogoo wa Restuta na Mgono wa Baba

Kivukoni, Ifakara
Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa Restuta,

Marahaba, kwa kuwa najua ungeniamkia kama ningekuwa karibu. Sisi hapa tunapumua, kitambi changu kinaendelea vizuri kuliko mpunga wangu. Wewe na shemeji hamjambo huko Mwanza?

Kwa masikitiko makubwa, ukoo mzima unakutangazia kifo cha jogoo wako mwekundu, kilichotokea nyumbani Jumapili baada ya misa. Mwili haujaonekana. Kwenye simu nilikwambia kachukuliwa na kicheche, hilo nitalirudia.

Baba tumerudi naye kutoka Dar. Unakumbuka kila alichokula kilikuwa kinarudi juu, hata uji, mpaka suruali akawa anaifunga kwa kamba. Daktari, binti mmoja anaitwa Digna, alitueleza kuwa mlango wa chini wa tumbo umeziba. Watapitisha mpira wenye kamera mdomoni, bila kumpasua, waweke kibomba cha wavu wa waya kitakachojitanua chenyewe na kushika njia iwe wazi.

Nikajitia ukalimani. Nikamwambia Baba asiogope, kibomba chenyewe ni kama mgono tu. Lo! Mzee aliyesuka migono ya kutegea kambale maisha yake yote akaniuliza tangu lini kilichoingia kwenye mgono kikatoka. Akadai nguo zake, turudi nyumbani. Hakunisikiliza tena, mpaka Digna alipomletea cha mfano. Akapitisha kidole huku kikatokea kule, akasema mgono huu kausuka mvivu, hauna hata mkia wa kumzuia samaki asitoke, basi wauweke.

Sasa chakula kinapita. Anakula ubwabwa laini na mchuzi, kidogo kidogo. Nyama amekatazwa, isije ikaziba kibomba.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekudanganya tena. Si vidonda vya tumbo kama nilivyokwambia, Restuta. Ni saratani, na imeshafika kwenye ini. Kibomba kimefungua njia tu, hakikumponya. Mimi na mke wangu tulikubaliana Baba asijue.

Jumapili akaagiza jogoo wako achinjwe. Nikamwambia huyo ni wa Restuta, anangoja Krismasi. Akajibu taratibu kwamba yeye Krismasi haingoji, na kwamba tuache kunong'ona jikoni, kilichoziba kilikuwa tumbo, si masikio.

Akanywa mchuzi bakuli zima, haukurudi. Nyama nikala mimi, akinitazama. Akauliza kama ni tamu. Nikamwambia ni ngumu kama kiatu. Haikuwa ngumu.

Usingoje likizo. Msalimie shemeji na watoto. Baba anasema uje na jogoo mwingine.

Kicheche mwenyewe,
kaka yako Vitus