Kijiko Kwenye Bomba

Praha, Jumatatu, 12 Januari 1942
Wamechukua piano. Wanaume wanne, matusi kila ngazi. Mmoja akauliza mbona nzito hivi. Nikamwambia ina mtunzi Myahudi ndani — hakucheka. Redio walishachukua, baiskeli walishachukua. Mke wangu Hermína anasema yeye bado hajachukuliwa, nisikate tamaa.
Sonata yangu ya piano je? Mwisho wake nimeshauandika, lakini sijausikia. Ni kama supu ya kusimuliwa.

Alhamisi, 15 Januari
Hermína ana akili kuliko serikali nzima! Kapeleka karatasi zangu ghorofa ya juu ndani ya kapu la nguo chafu. Kwa Bi Hovorková, mke wa muuza nyama. Si Myahudi, kwa hiyo piano anayo. Sikio zima analo moja, na vidole kama soseji za mumewe. Tumepatana: yeye anapiga, mimi nasikiliza kupitia dari. Akikosea nagonga bomba la maji linalopita kando ya mlango wake, naye anarudi mwanzo wa ukurasa.
Leo nimegonga mpaka kijiko kimepinda. Mungu wangu, yule mama!

Jumapili, 18 Januari
Bwana Kratz, afisa wa Kijerumani wa ghorofa ya chini, kamsimamisha Bi Hovorková kwenye ngazi. Wimbo ule ni wa nani? Wa marehemu babu yangu, kajibu mama wa watu, aliupiga harusini. Kratz kausifu! Eti una damu safi ya mashambani. Atapanda siku moja aunakili, ampelekee mama yake.
Nimecheka mpaka Hermína akaniziba kwa mto.

Jumatano, 21 Januari
Wito umefika. Jumatatu tujipeleke wenyewe na mizigo, kisha treni. Ya wapi? Hawasemi. Hermína anapanga soksi, anapangua. Naogopa. Basi, nimeandika: naogopa.
Nataka kitu kimoja tu, niusikie mwisho kabla hatujaondoka. Ukurasa wa mwisho umepanda leo. Nilitia jina langu juu, herufi kubwa. Hermína kagundua kapu likiwa limeshafika.
"We mzee una wazimu? Wakiliona kwake wanamnyonga!"
Nikasema mtoto haachwi bila jina la baba.
"Baba mwenyewe hamnazo!"
Kesho kutwa Bi Hovorková akishaupiga, atauchoma. Kaahidi.

Ijumaa, 23 Januari
Mchana. Anapiga ukurasa wa mwisho. Safi — safi kabisa! Nimeweka kijiko mezani. Mwisho unafaa. Unafaa, jamani!
Viatu vya Kratz ngazini. Vimepita mlango wetu. Vinapanda.
Anagonga kwake.
Ee Mungu — karudi mwanzo wa ukurasa! Anadhani ni mimi na bomba. Hermína ananinyooshea kijiko, fanya kitu! Nifanye nini? Nikigonga atarudi tena. Ishara ya kuacha hatukupatana.
Kratz anagonga, kwa nguvu sasa. Na Bi Hovorková anaanza upya, polepole, kwa uangalifu, ili nisikasirike