Kanisa Lenye Magongo

Dar es Salaam, huku kwenye joto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na Mama, na dada Tabitha anayekusomea karatasi hii. Hapo kijijini kwetu Ruanda mmeamkaje? Mgongo wa Mama umepoa? Mimi mzima kabisa, ila joto la huku acha tu. Nikishinda bandarini kupakua magunia, jioni shati nalikamua.

Tabitha aliniandikia habari za kanisa, nikakosa raha. Kwamba ukuta ulioujenga umevimba kwa nje, umeuegemeza kwa magogo, na sasa watu wanaliita kanisa lenye magongo. Kwamba wazee wa kanisa watakaa kikao kahawa ikishavunwa, na wengine wanataka ubomolewe, kazi apewe fundi wa Tunduma. Eti siku hizi ibadani unakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Baba, hilo la mlangoni liliniuma kuliko yote.

Basi Jumapili nikaenda kulitazama lile kanisa kubwa la Wakatoliki karibu na bandari, walilojenga Wajerumani. Usinikasirikie, sijabadili dhehebu. Nilifuata ukuta tu.

Lo, Baba, laiti ungekuwepo! Mnara wake una ncha, ukiutazama kofia inaanguka. Matao si ya mviringo kama mdomo wa tanuru lako la matofali, yamekutana juu yakachongoka, na dari iko mbali huko. Kwa mshangao nikajisahau. Nikachuchumaa mlangoni nikapiga makofi, kama tunavyomwamkia mkubwa kwetu. Makofi yakapanda darini yakarudi yamekuwa ya watu kumi! Waliokuwa wakisali wote wakageuka. Nikajifanya nimeangusha kitu, natafuta sakafuni. Nilipoinuka naona shati langu jeupe lina madoa mekundu na ya buluu, nikayapangusa weee, hayatoki. Kumbe ni jua linapita kwenye vioo vya rangi!

Nikatoka nje kuzunguka. Hapo ndipo nilipoiona miguu minene ya matofali imeshikana na ukuta, chini mipana, juu myembamba. Kila baada ya dirisha, mguu. Nikacheka peke yangu: hata ukuta wa Mjerumani ulivimba! Nikamuuliza mzee mmoja anayefagia pale, "Mzee, hii miguu waliongeza ukuta ulipoanza kulala?"

"Kuongeza nini, mwanangu?" akasema. "Imejengwa pamoja na ukuta. Paa zito linasukuma ukuta nje. Usipoushika, utaanguka tu."

Tabitha, hapo rudia tena, polepole.

Umesikia, Baba? Matofali yako hayana kosa. Vile vigae walivyong'ang'ania wazee tulipoondoa paa la nyasi, ndivyo vinavyosukuma. Na wewe, bila kufundishwa na mtu, ulifanya kwa magogo kile kile walichofanya Wajerumani kwa matofali. Nilisimama pale nikaona fahari mpaka machozi yakanitoka, na huyo mzee akaniuliza kama nimefiwa.

Nimepima kwa hatua zangu, na wewe unazijua, ndizo zako. Mguu unatoka ukutani hatua moja na nusu, na kutoka mguu hadi mguu ni hatua tano. Magogo usiyang'oe kwanza. Jenga miguu katikati yake, chokaa ikikauka ndipo uyaondoe.

Siku ya kikao, Tabitha awasomee wazee barua hii yote. Ila dada, pale pa makofi paruke, nakuomba sana.

Msalimieni shangazi wa Msangano, mwambieni karanga zake zilifika na zimekwisha. Mjomba mwenye ng'ombe, nasikia anayacheka magogo ya Baba; mwambieni nakuja na maswali. Na mke wangu mtarajiwa, mwambieni sijasahau.

Sasa Tabitha, nyamaza, umpe Baba karatasi ya pili. Nimechora ule ukuta na miguu yake yote. Hiyo ataisoma mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Yeremia

Baba, Jumapili ukakae mbele.